Umbo la -ra kwa Kiswahili: shajara ya mradi wa masika

2 Aprili

Masika yameanza. Wageni mlimani Kilimanjaro ni wa kuhesabu, magari yameoshwa na kufunikwa turubai, na wengi wetu tumerudi majumbani kusubiri Juni. Ndiyo nafasi niliyokuwa naingoja. Daftari la Kihispania tunaloliandika kwa Kiswahili, sisi waongoza watalii saba wa Arusha na Moshi, limefika sura ya kumi, na sura hiyo kila aliyepangiwa ameiahirisha. Inahusu umbo la kitenzi ambalo Wahispania huliita "pretérito imperfecto de subjuntivo". Jana jioni nilisema naichukua mimi.

Nilichoahidi: kurasa zisizozidi nane, mifano itoke kwenye kazi yetu, na kadi za manila za mazoezi. Msomaji ni mwenzetu ambaye tayari anaweza kusema ya leo, ya jana na ya kesho, lakini akifika kwenye "si tuviera", yaani ningekuwa na, anakwama.

Naijali sana sura hii, na sababu ni ya kazini. Bila umbo hili unaweza kutaja ndege, kuonyesha njia, kueleza chakula. Lakini ukikaa na wageni siku sita mlimani, mazungumzo yanahama. Siku ya tatu, mezani baada ya supu, mtu anakuuliza: ungeweza kuishi popote duniani, ungeishi wapi? Mwingine anasimulia kwamba mama yake alitaka asomee udaktari. Mwingine anasema laiti baba yake angekuwepo akaona mawingu yakiwa chini ya miguu. Yote hayo kwa Kihispania yanapita mlango mmoja, na asiyeweza kuupita anabaki kutikisa kichwa. Mimi nimetikisa kichwa misimu miwili.

4 Aprili

Nimeanza na namna ya kuliunda, kwa sababu hapa Kihispania kimetuhurumia. Kanuni ni moja, na hakuna hata kitenzi kimoja kinachoikwepa.

Chukua kitenzi katika wakati uliopita, nafsi ya tatu wingi: wao walifanya. Ondoa "-ron" ya mwisho. Weka "-ra". Basi.

"Hablaron", walizungumza, linatoa "hablara". "Comieron", walikula, linatoa "comiera". "Subieron", walipanda, linatoa "subiera". Kisha nafsi zinafuatana: "subiera" mimi, "subieras" wewe, "subiera" yeye, "subiéramos" sisi, "subierais" ninyi, "subieran" wao. Hiyo ya ninyi ni ya Hispania. Wageni wa Meksiko, Kolombia au Ajentina husema "ustedes", na kitenzi chake ni "subieran", sawasawa na cha wao.

Uzuri wake ni huu: ukishajua umbo la wao walifanya, ukorofi wote wa kitenzi umo humo tayari. "Tener", kuwa na kitu, ni kikorofi: walikuwa nacho ni "tuvieron". Ondoa "-ron", weka "-ra", una "tuviera". Huhitaji kukariri kitu kipya. "Ir", kwenda, na "ser", kuwa, wote wanatumia "fueron", kwa hiyo wote wanatoa "fuera". Sentensi nzima ndiyo itakayokwambia ni "ningekwenda" au "ningekuwa". Na neno "fuera" peke yake lina maana ya "nje", kwa hiyo mgeni anayesema "si fuera fuera" hajagugumia, ametaja mambo mawili.

Nimeongeza ukurasa mmoja mzima kuhusu mkazo, ingawa vitabu nilivyosomea huupitia kwa mstari mmoja. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, bila kufikiri: nyu-MBA-ni, wa-GE-ni. Ndiyo maana "haBLAra" linatukaa vizuri mdomoni, ni kama neno letu. Hatari iko sehemu mbili. Kwanza, "hablará" yenye mkazo mwishoni ni "atazungumza", wakati ujao wa kawaida. Mkazo ukikaa pasipo pake umesema jambo lingine. Pili, nafsi ya sisi. "Habláramos" ina mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho, na ulimi wetu unaikataa, tunasema "hablaRAmos". Alama ile juu ya herufi "a" ndiyo inayotuambia tuwahi mapema. Nimeandika kwa wino mwekundu: kwa sisi, piga kelele silabi iliyo kabla ya "-ra".

7 Aprili

Nimekata karatasi nne za manila kwa rula na wembe, nimepata kadi sitini. Nimetandika mkeka sebuleni, mabati yanapigwa na mvua hadi redio haisikiki, na nimezipanga kadi kwa makundi.

Kundi la kwanza ni watiifu: "hablar", "caminar", "beber", "subir". Kadi chache zinatosha.

La pili ni wale wanaobadili shina zima wakati uliopita: "tuvieron", "estuvieron", "anduvieron", "pudieron", "pusieron", "supieron", "hicieron", "quisieron", "vinieron", "hubieron". Hapa nimeweka rangi ya kijani. "Anduviera", ningetembea, ina kadi mbili, maana ni kitenzi chetu cha kila siku njiani, na hata wenyeji wa lugha huteleza wakasema "andara".

La tatu ni la herufi "j": "dijeron", "trajeron", "condujeron". Hawa wanameza "i". Si "dijieron", ni "dijeron", kwa hiyo "dijera", "trajera", "condujera". Nimelipa rangi nyekundu kwa sababu "dijera" itatumika kuliko vyote.

La nne ni wanaobadili irabu: "pidieron" kutoka "pedir", "siguieron" kutoka "seguir", "durmieron" kutoka "dormir". Na wale wa "y": "leyeron", "cayeron", "oyeron". Haya nimeyapitisha haraka. Aliyezoea wakati uliopita anayajua, na asiyezoea arudi sura ya saba.

Kila kadi ina upande wa Kiswahili, "wao walisema", na upande wa pili "dijeron → dijera". Zoezi ni kusoma Kiswahili, kutamka yote mawili kwa sauti, ndipo ugeuze.

11 Aprili

Leo sura imegonga mwamba.

Sehemu ya matumizi nilikuwa nimeiandika kwa mpangilio niliofundishwa: umbo hili hutumika baada ya vitenzi vya kutaka, kuomba, kufurahi, kuogopa, kutilia shaka, kukana, baada ya viunganishi fulani, katika sentensi za masharti, na kadhalika. Orodha ndefu, nzuri, sahihi. Nimempelekea dada mmoja wa kikundi chetu anayekaa Usa River, mwepesi wa lugha kuliko sisi sote, Kijerumani anakisema kama maji. Amesoma kurasa zote tatu huku ananipikia chai. Kisha akaniuliza: "Kaka, hii kwa Kiswahili ni nini?"

Nikamjibu kwamba Kiswahili hakina wakati huu. Akasema: "Basi 'ningekuja' ni nini? Na 'alitaka nije' ni nini?"

Sikuwa na jibu. Nimerudi nyumbani na kurasa zangu tatu na sijafuta wala kuongeza neno.

14 Aprili

Siku mbili nimefanya kazi moja: nimechukua madaftari ya mazoezi ya wenzangu ya miaka iliyopita, na langu pia, na kunakili kila kosa la umbo hili kwenye karatasi moja. Nilidhani nitapata vurugu. Nimepata makosa mawili tu yanayojirudia, mengine ni tahajia.

Kosa la kwanza: "Si tendría dinero, compraría un coche". Ningekuwa na pesa, ningenunua gari. Sahihi ni "Si tuviera dinero, compraría un coche". Upande wa sharti unachukua "-ra", upande wa matokeo unachukua "-ría".

Kosa la pili: "Quería que venga". Nilitaka aje. Sahihi ni "Quería que viniera".

Nimezikodolea macho sentensi hizi muda mrefu, halafu nikaona. Hakuna hata moja iliyotokana na uvivu. Zote mbili ni Kiswahili sanifu kilichovaa nguo za Kihispania.

15 Aprili

Asubuhi hii nimeandika upya mwanzo wa sehemu ya matumizi. Naunakili hapa kama ulivyo.

Shuleni tulifundishwa, na tukachapwa kwa kukosea, kwamba "-nge-" iende na "-nge-" na "-ngali-" iende na "-ngali-". "Ungekuja ungenikuta." "Ungalikuja ungalinikuta." Mwalimu akiona "ungekuja ungalinikuta" anapiga mkasi. Pande mbili za sentensi lazima zifanane. Ndiyo usanifu tuliomezeshwa tangu darasa la tano. Sasa unafika kwenye Kihispania, na Kihispania kinataka pande zitofautiane. Sharti lina sura yake, matokeo yana sura yake. "Si tuviéramos más tiempo, subiríamos por la otra ruta." Tungekuwa na muda zaidi, tungepanda kwa njia ile nyingine. Kiswahili: tunge, tunge. Kihispania: "-ra", "-ría".

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "je, hii ni shaka au matamanio?" Swali ni: hii "-nge-" yangu iko upande gani? Ikiwa ni ile ambayo ningeweza kuitanguliza "kama", inakuwa "-ra". Ikiwa ni ile inayofuata, inakuwa "-ría". Mpangilio ukigeuka, jibu haligeuki: "Subiríamos por la otra ruta si tuviéramos más tiempo."

Mlango wa pili ni "-e" yetu ya mwisho: aje, asome, tuondoke. Hiyo "-e" haina saa. "Nataka aje", "nilitaka aje", "nitataka aje": kitenzi cha mbele kinabadilika, "aje" ametulia pale pale. Kihispania "-e" yake ina saa. "Quiero que venga", nataka aje. "Quería que viniera", nilitaka aje. Kitenzi cha mbele kikirudi nyuma, cha pili kinarudi nacho.

Milango miwili, "-nge-" ya sharti na "-e" iliyotanguliwa na jambo lililopita. Kila nilichokuwa nimekiandika kwenye orodha ile ndefu, karibu chote kinapita humo.

Nimempigia dada wa Usa River nikamsomea kwa simu. Amesema, "Hapo sawa."

19 Aprili

Kuna jambo la Barafu ambalo sikulielewa hadi wiki hii.

Kambi ya Barafu iko mita 4,673, ndipo tunapolala saa chache kabla ya kuondoka usiku kuelekea kileleni. Msimu uliopita nilikuwa na wageni sita, mama mmoja wa Bilbao na wengine wa Sevilla. Chakula cha jioni saa kumi na moja, upepo unavuta hema, nikawaambia kwa kujiamini: "Si tendríamos un día más, dormiríamos aquí otra noche." Tungekuwa na siku moja zaidi, tungelala hapa usiku mwingine. Bwana mmoja wa Sevilla akanisahihisha kwa upole: "tuviéramos". Yule mama wa Bilbao akaweka kijiko chini akasema kwamba kwao watu wote husema "si tendríamos", yeye mwenyewe husema hivyo nyumbani. Wakacheka, wakabishana, mimi nikaenda kuangalia maji ya moto.

Alisema kweli. Katika nchi ya Wabaski, Navarra, La Rioja na Burgos, "si tendría" inasikika midomoni mwa watu waliozaliwa na lugha. Shule inaikataa, maandishi rasmi yanaikataa, lakini ipo. Na kosa letu la pili nalo lina kwao: katika Kihispania cha milima ya Andes, Peru na Bolivia, "quería que venga" ni usemi wa kawaida wa watu. Yaani makosa yote mawili ambayo Kiswahili kinatusukuma kuyafanya, wako watu waliozaliwa na Kihispania wanaoyasema.

Nimeliweka hili kwenye daftari, kwenye kisanduku, kwa sababu mbili. Moja, msomaji asijione mjinga. Mbili, akimsikia mgeni wa Cusco au wa Bilbao akisema hivyo, asithubutu kumsahihisha. Lakini sisi tunajifunza lile linalokubalika kila mahali, na hilo ni "tuviera" na "viniera".

26 Aprili

Leo nimegundua sehemu ambayo Kiswahili kinatubeba mgongoni.

"Dijo que venía." "Dijo que viniera." Wanafunzi wa lugha nyingine hutaabika hapa. Sisi tunazo zote mbili tangu utotoni: "alisema anakuja" na "alisema aje". Ya kwanza ni taarifa, ya pili ni agizo. Kitenzi ni kile kile "kusema", na tofauti yote iko kwenye umbo la pili. Kihispania ni hivyo hivyo, sawia.

Na kwetu hii ndiyo sentensi ya maisha. "El médico dijo que bajaba": daktari alisema anateremka. "El médico dijo que bajara": daktari alisema mtu ateremke. Mgeni ana maumivu ya kichwa, anatapika, kambi ya juu, na wewe unamweleza mwenzake kwa Kihispania kilichosemwa kwenye simu ya upepo. Herufi mbili hizo zinaamua nani anashuka. Nimeipa ukurasa wake peke yake, na mifano yote ni ya mlimani: "Les pedí que caminaran despacio", niliwaomba watembee polepole. "Nos dijeron que bebiéramos más agua", walituambia tunywe maji zaidi. "Le dije que no se quitara los guantes", nilimwambia asivue glovu.

3 Mei

"Laiti." Neno lenyewe ni la Kiarabu, "layta", na kazi yake ni ile ile: kutamani kisichokuwapo. Kihispania kina "ojalá", nalo limetoka kwenye Kiarabu cha Andalusia, kutoka usemi wenye maana ya Mungu akipenda. Lugha mbili zilizokaa na Waarabu karne nyingi, moja Ulaya na moja pwani yetu, na kila moja ikachukua kutoka kwao neno la kutamani. Nimelifurahia hili kuliko jambo lolote kwenye sura nzima.

Matumizi yana ngazi. "Ojalá venga": namwomba Mungu aje, na huenda akaja. Hapo ni kama "inshallah aje". "Ojalá viniera": laiti angekuja, na matumaini ni madogo. "Ojalá hubiera venido": laiti angalikuja, na imeshapita. Ngazi ya kati na ya mwisho ndizo zetu za "laiti". Ile ya kwanza inatumia hali tegemezi ya sasa, iko sura ya tisa.

9 Mei

Hiyo "hubiera venido" ilihitaji siku nzima. Ni "haber" katika umbo la "-ra", halafu kitenzi cha pili kwa sura ya kumalizika: "hubiera llegado", "hubiera visto", "hubiera sabido". Ndiyo "-ngali-" yetu, ile ya jambo lililokwisha fungwa. "Si hubiéramos salido antes, habríamos visto el amanecer": tungaliondoka mapema, tungaliona mapambazuko.

Wengi wetu siku hizi tunasema "-nge-" kwa yote, ya sasa na ya jana, au tunachanganya tukasema "-ngeli-". Kihispania hakitusamehei hapo. "Si tuviera" ni leo. "Si hubiera tenido" ni jana. Nimeshauri kwenye sura: kabla ya kufungua mdomo, jiulize kama babu yako angesema "ningekuwa" au "ningalikuwa". Kiswahili cha wazee kinasaidia hapa kuliko kitabu chochote.

Na humu ndimo nilimopata zawadi. Katika sentensi hizi za jana, Kihispania kinaruhusu "hubiera" ikae pande zote mbili. "Si lo hubiera sabido, no hubiera venido." Ningalijua, nisingalikuja. Pande zimefanana, kama mwalimu wa darasa la tano alivyotaka. "Habría venido" ni sahihi pia, lakini "hubiera" na "hubiera" inakubalika kabisa na inasikika kila mahali. Nimewaandikia wenzangu: kwa mambo yaliyopita, mfuateni mama yenu Kiswahili bila hofu.

12 Mei

Fupi. Kuna umbo la pili, la "-se": "hablase", "tuviese", "fuese". Linaundwa kwa njia ile ile, "-ron" inatoka, "-se" inaingia. Maana ni moja. "-ra" inasikika zaidi kwa mbali, hasa Amerika. "-Se" utaikuta zaidi Hispania na kwenye maandishi. Yametoka pande mbili za Kilatini: "amaveram" ilizaa "amara", "amavissem" ikazaa "amase". Zamani "amara" ilikuwa na maana ya "alikuwa amependa", na mabaki yake bado yapo magazetini: "el que fuera presidente", yaani aliyekuwa rais. Mimi nimeamua sura ifundishe "-ra" kwa kusema na "-se" kwa kutambua tu. Mwenzangu mmoja wa Moshi hakubaliani, anasema tufundishe zote. Tumekubaliana "-se" ipate nusu ukurasa mwishoni.

Lipo pia la "-re", "hablare", "fuere", ambalo limebaki kwenye sheria na methali. "Adonde fueres, haz lo que vieres": popote uendapo, fanya uonacho. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Nimeiweka kwa sababu nimeipenda, haina mtihani.

20 Mei

"Quisiera." Hili linatoka nje ya milango yangu miwili, kwa hiyo nililiacha hadi leo. Ni "querer" katika umbo la "-ra" lililosimama peke yake, bila sharti na bila kitenzi cha mbele: "Quisiera un té", ningependa chai. Ni adabu. "Quiero un té" si tusi, lakini ni kama "nataka chai" mbele ya mtu mzima. Kwetu tungesema "naomba chai". Hapa "-se" haiingii. Hutamsikia mtu akiagiza kwa "quisiese".

Vitenzi vinavyofanya hivi ni vichache: "quisiera", "pudiera", "debiera". Nimeandika wavikariri kama salamu.

Jambo la kuangalia ni jirani yake: "Me gustaría que vieran esto", ningependa mwone hiki. Mbele hakuna kilichopita, kuna "-ría", na bado kitenzi cha pili ni "-ra". Kwa hiyo jina la "wakati uliopita" linadanganya. Ndiyo maana nimelifuta kwenye kichwa cha sura na kuandika "Umbo la -ra". Na "como si", kana kwamba, huchukua "-ra" hata ukisimulia ya sasa hivi: "Camina como si fuera su primer día", anatembea kana kwamba ndiyo siku yake ya kwanza.

28 Mei

Tumekutana sita, Usa River, na sentensi ishirini za Kiswahili za kugeuza. Masharti yamepita vizuri kuliko nilivyotarajia. Maagizo yaliyopita nayo vizuri. Lakini limetoka kosa la tatu, ambalo halikuwepo kwenye madaftari ya zamani kwa sababu hakuna aliyekuwa akithubutu kuliandika.

"Tuliondoka mapema ili tufike kabla ya mvua." Wanne kati yetu wameandika "Salimos temprano para que llegáramos". Kihispania hakisemi hivyo. Mwenye kuondoka na mwenye kufika akiwa mmoja, kitenzi cha pili kinabaki kizima: "Salimos temprano para llegar". Umbo la "-ra" linakuja pale watu wanapokuwa wawili tofauti: "Salimos temprano para que ellos llegaran". Kiswahili hakijali, "ili tufike" na "ili wafike" vyote ni "-e". Vivyo hivyo "nilitaka niende": "quería ir", basi.

Nimeona aibu kidogo kwamba mlango wangu wa pili ulikuwa wazi kupita kiasi. Nimeongeza mlinzi mlangoni, na nimeliandika hivyo hivyo: kabla ya kutumia "-ra" kwa "-e" yako, hesabu watu. Mmoja, kitenzi kizima. Wawili, "-ra".

6 Juni

Uchapaji. Nimepeleka faili steshenari kwa flashi, nakala kumi na mbili. Nimezichukua jioni, nikafungua ukurasa wa pili nikiwa bado nimesimama kibarazani. Kila herufi yenye alama ilikuwa imegeuka kijisanduku. "Habl□ramos." "Fu□ramos." "Hablar□." Ukurasa wa mkazo, ule niliouandika kwa moyo kuliko zote, ulikuwa na visanduku kumi na saba na hausomeki.

Kosa lilikuwa fonti. Ile ya kwangu haikuwepo kwenye kompyuta yao. Nimegeuza faili kuwa PDF na nakala mpya zimetoka safi, lakini zile kumi na mbili sikuzitupa. Jana na leo, mimi na mwanangu wa darasa la sita tumekaa mezani na kalamu nyekundu, tunajaza herufi moja moja. Kufika nakala ya tano alikuwa ananiambia yeye: "Baba, hapa sisi, alama inakaa kabla ya ra." Nakala hizo za kalamu nyekundu ndizo nimezigawa kikundini. Za PDF zitakuwa za watakaokuja.

13 Juni

Wageni wa kwanza wameingia. Mwenzangu wa Moshi yuko kambi ya Barranco na kikundi cha watu wanane wa Valencia, na usiku huu mtandao ukampitisha ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini. Anasimulia siku ilivyokwenda, Kihispania chote, na upepo nyuma. "Les dije que se acostaran temprano." Sawa. "Me preguntaron qué haría si fuera rico." Sawa, pande zote mbili. Halafu: "Mi jefe quería que durmieRAmos aquí." Umbo ni lenyewe, ila mkazo umerudi nyumbani, silabi ya pili kutoka mwisho.

Kwa hiyo ukurasa wa mkazo hautoshi ukiwa karatasi tu. Nimeanza kurekodi nafsi ya sisi ya vitenzi ishirini kwa simu, polepole, kila kimoja mara tatu: "durmiéramos", "pudiéramos", "fuéramos". Vimebaki tisa. Alhamisi napanda mimi, na nitavimalizia kwenye gari kuelekea geti la Machame.